Nilimchukua Profesa wa Mteremkoni, Shemeji Nikamwachia Machungwa

Kosa ni langu, na msinitafutie wa kugawana naye. Nimekaa nalo moyoni miaka mingi mpaka mke wangu ameniambia, "Kama huwezi kulisema mbele za watu, basi liandike, tupumzike humu ndani." Ndiyo naandika. Jina langu niachieni.

Nilikuwa katibu wa timu ya mpira ya kiwanda cha chai, huku kwetu milimani Usambara, na kupanga wachezaji ilikuwa kazi yangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ndiyo kwanza inamwagika gulioni, na kila mtu anataka kitu kipya. Na mimi nikataka kitu kipya. Jamani, tamaa!

Kiungo wetu alikuwa Singano, kaka mkubwa wa mke wangu. Mfupi, kitambi kimeanza, pasi zake fupifupi, hakuna cha kushangilia. Lakini timu ilikuwa inakwenda. Mwaka huo tukafika mechi ya kupanda daraja, nayo ilikuwa ichezwe Tanga mjini. Umri ulishaanza kumtupa mkono Singano, na alikuwa na hamu moja tu: acheze Tanga, watoto wake wamwone, kisha atundike daluga. Alilisema hilo kila tulipokaa kula makande.

Mimi nikaenda kumwona kijana wa chuo cha ualimu.

Sikilizeni vizuri hapa. Chuo kilicheza Jumamosi, na Jumamosi mimi napakia kabichi zangu kwenye lori. Nikimaliza ndipo nakimbilia uwanjani, kwa hiyo nafika kipindi cha pili. Kila mara! Na kila mara namkuta kijana anapiga mipira mirefu ya ajabu. Mpira unapaa, unaingia kwenye ukungu, haupo. Mara unamsikia kipa wa wageni analia, "Uko wapi? Uko wapi?" Halafu wavu unatikisika. Wanachuo wanambeba mabegani, wanamwita Profesa. Kavaa jezi ya mtumba yenye maandishi ambayo hata walimu wake hawakuyajua ni ya nchi gani.

Nikasema huyu ndiye. Aliyevichachafya vyuo vyote, atamshinda nani huko Tanga?

Sasa nichekeni. Uwanja wa chuo uko kama viwanja vyetu vyote vya mlimani: goli moja juu, jingine bondeni. Na kwetu mgeni anaheshimiwa, anapewa kushuka kwanza. Mwenyeji anapanda kipindi cha kwanza, anashuka kipindi cha pili, wakati mgeni ameshachoka na ukungu nao umeshashuka. Mimi nimezaliwa huku! Nimecheza viwanja hivyo tangu mpira wa majani ya migomba! Lakini haikunijia hata kidogo kwamba Profesa sijawahi kumwona akipanda.

Nikamfuata Singano pale kiwandani, wenzake wakisikia.

"Shikamoo shemeji. Safari hii pumzika kidogo, tumepata msomi. Wewe utatusaidia kumenya machungwa."

Akanitazama. Akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

Mame wee! Mtu mkubwa kwangu, aliyesimamia ndoa yangu, ananipa mimi shikamoo! Wachuma chai waliotoka Mbeya na Iringa, ambao hata Kishambaa hawakijui, nao walishika midomo. Nikiitikia marahaba, ni laana. Nikinyamaza, sina adabu. Nikakohoa, nikaondoka.

Tulishuka Tanga na lori la kabichi. Profesa akaruka chini, akautazama uwanja huku, akautazama kule, akanijia taratibu.

"Katibu, sisi tunashuka upande gani?"

"Hakuna kushuka. Uwanja huu ni tambarare."

"Wote?"

"Wote!"

Akameza mate. Na mimi nikayameza ya kwangu.

Mpira wake wa kwanza ulipaa vizuri, ukatua katikati ya uwanja, mguuni kwa adui. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikafumba macho. Ukungu hakuna, jua linawaka, kipa wao anauona mpira tangu unaanza safari, anapata muda wa kuvuta soksi na kumsalimia rafiki yake nyuma ya goli. Mzee mmoja wa Tanga mwenye kanzu akapiga kelele, "Mwambieni huyo kijana sadaka ni Ijumaa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo.

Mapumziko. Singano akaja na sinia, machungwa yamemenywa vizuri, mazuri mno.

"Shikamoo, Bwana Katibu. Machungwa tayari."

Watoto wake walikuwa wamekaa kwenye mstari, wamevaa nguo za sikukuu. Binti yake mkubwa akaniuliza, "Baba anaingia saa ngapi?"

Nilijua la kufanya. Wapenzi wetu waliotoka mlimani walikuwa wanaimba jina la Singano. Lakini kumtoa Profesa ni kukiri kwamba nimekosea, na mimi ni katibu bwana!

"Bado kidogo," nikamwambia yule mtoto. Mwongo mkubwa mimi!

Hakuingia. Tulifungwa magoli ambayo sitayataja hapa. Mwaka uliofuata goti la Singano likakataa kabisa, na Tanga ikawa imempita hivyo.

Profesa simlaumu. Chuoni alikuwa hodari kweli, na leo ni mwalimu mzuri sana. Anafundisha jiografia.

Lakini shikamoo ya shemeji! Iliendelea miaka na miaka. Gulioni, shikamoo. Msibani, shikamoo. Sikukuu ya Idi nimevaa kanzu mpya, natoka msikitini na watu wa heshima, shikamoo! Ikafika mahali nikimwona kwa mbali napita mashambani, natoka nimejaa matope.

Juzi nikachoka. Nikaenda kwake. Nilimkuta uani anachambua maharage, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Nilimuwahi kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, shemeji. Nilikukosea. Ile mechi ilikuwa yako, na mimi nilijua."

Akachambua maharage. Akalitazama goti lake, mpaka nikaona haitiki huyu, bora niage.

"Marahaba," akasema.

Nililia, sioni haya kusema. Mwanamume mzima, na makamasi juu! Akanisogezea kigoda, akasubiri ninyamaze, ndipo akasema, "Lakini na leo umekuja kipindi cha pili."

Nyinyi mnaochagua wachezaji, mnaochagua wafanyakazi, hata mnaochagua wakwe, fikeni mapema mmtazame mtu akiwa anapanda. Na kama mmeshamkosea mtu, msisubiri kama nilivyosubiri mimi. Shemeji amenisamehe, na makande tunakula sahani moja tena. Lakini Tanga hakucheza.