Jina la Hansi kwenye Boriti ya Sowedi

Saa nne asubuhi, na jua la Dubai Marina limekwisha kuwa kali. Sowedi Kirunda, 47, anagonga msumari wa mti kwenye maungio ya boriti. Mkono wake umetulia. Hasira iko mdomoni.

"Huyo Hansi yuko wapi?" anauliza. "Mbona simwoni kwenye basi la wafanyakazi?"

"Langoni kwangu hajapita, fundi," anajibu Metrine, mlinzi kutoka Bungoma, akimpa chupa ya maji. Humletea kila siku bila kuombwa.

Wanajenga mkahawa unaoiga nyumba za miji mikongwe ya Ujerumani: mbao nene zilizopishana, plasta nyeupe katikati, ghorofa ya juu ikichomoza juu ya njia. Kampuni ilitaka mbao za sponji zibandikwe kwa gundi. Sowedi, seremala wa Jinja, alikataa. Kwa siku arobaini ameunga mbao halisi kama mafundi wa kale, kwa misumari ya mti 312, bila chuma.

Kwenye picha waliyopewa waige, boriti ya juu ya mlango ina maandishi. Metrine, aliyewahi kumtumikia madam wa Kijerumani, ndiye aliyemsomea: mwaka, na jina la seremala.

"Kumbe kwao fundi huacha jina lake mlangoni!" Sowedi alifurahi, akanoa patasi.

Juzi msimamizi wake, Maan, akaleta maneno ya kuchonga: Fundi Hansi, 1487.

"Sir, Hansi ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni jina tu, wateja watalipenda. Yalla, chonga."

"Asiyekuwepo apewe mlango, mimi niliyejenga nipewe nini?"

"Mshahara. Khalas."

Sowedi anamsimulia Metrine huku akigonga msumari mwingine. "Wameiga mbao, wameiga plasta, wameiga mpaka dirisha bovu. Ilipofika zamu ya fundi, wakaiga mtu wa uongo!"

Akikaidi, huenda akarudishwa Uganda, maana viza yake ni ya kampuni. Nyumbani ana binti chuoni, Kulusumu. Boriti ya mlango inapandishwa leo alasiri, na bado haijachongwa neno.

"Metrine, mimi kuandika sikuzoea. Niandikie jina langu vizuri, nisikosee."

"Kwa herufi zao za kale?"

"Za kawaida. Kulusumu akija siku moja, asome mwenyewe."

Metrine anaandika taratibu kwenye kipande cha boksi. Sowedi anakiweka kando ya boriti, anainua patasi, na kuanza na S.