Jiwe Nililolifanya Hakimu Bwera

Kosa ni langu, sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Shetani hakunipitia, sikulogwa, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu na kidole gumba changu, na hicho kidole ndicho kilichofanya kazi yote!

Jina langu liacheni. Watu wa Bwera watanijua hata hivyo, maana waliolilamba lile jiwe ni wengi, na wakisoma hapa watanitafuta. Ninyi wa mbali sogeeni niwaambie.

Mimi nabadilisha pesa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Kibanda changu ni cha mabati, kina dirisha la mbao, meza, viti viwili na tochi ya kukagulia noti. Tochi hiyo ina vitufe viwili. Kimoja kinatoa mwanga mweupe wa kawaida. Kingine kinatoa mwanga wa zambarau, hafifu sana, ambao ukimulika noti ya kweli zile alama zilizofichwa zinajitokeza. Vikumbukeni hivyo vitufe viwili, ndivyo vilivyonipeleka nilikofika.

Jiwe nililirithi. Baba alifanya kazi mgodini Kilembe enzi za shaba, na alikuwa na sanduku la mawe alilolipenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe. Mto Nyamwamba ulipofurika ulibeba kitanda, kabati na mbuzi, ukaliacha lile sanduku. Baba alipofariki ndugu zangu waligawana shamba na mabati. Mimi nikaambiwa, "Wewe chukua mawe."

Basi nikachukua moja, ukubwa wa ngumi, zito kuliko lilivyoonekana. Chini lilikuwa la kahawia kama chuma chenye kutu, na juu yake zimeota punje za manjano zenye kumeremeta. Nikaliweka mezani kukandamiza noti zisipeperushwe na upepo.

Siku moja ya mvua nilikuwa nakagua noti kwa ule mwanga wa zambarau, kibanda kimeingia giza, mkono ukateleza na mwanga ukaangukia jiwe. Mama yangu! Jiwe liliwaka kijani! Kijani kikali, kana kwamba limemeza taa! Nikazima, likarudi manjano. Nikawasha, kijani tena. Nilicheka peke yangu hadi jirani yangu akachungulia.

Huyo jirani ni Kavira. Alikimbia vita huko kwao Butembo, akaja kuuza vitenge kwenye kibanda kilichopakana na changu. Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mpaka. Kila mchana tulikula pamoja kwenye meza yangu, bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo huohuo, na sijawahi kuwa na rafiki mwingine kama yeye.

"Kuko nini humu?" akauliza.

"Jiwe la baba," nikamwambia. "Linamjua mtu muongo."

Ulikuwa utani, haki ya Mungu! Nikamwambia aseme uongo tuone. Akasema, "Mi sipendake makayabu." Kavira asipende samaki wa chumvi! Nikabonyeza zambarau, jiwe likawaka. Nikamwambia sasa aseme kweli. Akasema, "Mi natoka Butembo." Nikabonyeza nyeupe, jiwe likatulia. Akapiga ishara ya msalaba mara mbili na kwenda kuwaambia watu.

Ningemwita nikamwonyesha vitufe, leo ningekuwa na amani. Sikumwita. Nilitaka nione utani utafika wapi.

Ulifika kila mahali! Kabla ya wiki kuisha watu walikuwa wanaleta kesi. Nikatunga masharti kabisa. Dirisha linafungwa. Unalamba kidole, unagusa jiwe, unalamba tena, kisha unasema neno lako. Na macho yawe kwenye jiwe, kwa maana ukiangalia tochi ushahidi wako umeharibika. Kavira akawa msaidizi wangu wa kuwaonyesha wageni namna ya kulamba.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Aliletwa mwenye boda boda aliyeshutumiwa kula kuku wa mwenye nyumba wake. Akaapa hajui kuku wala yai, na unyoya umekwama kwenye zipu ya jaketi lake! Nikamwashia kijani, akakiri hadi kuku wa mwaka uliopita. Fundi wangu wa nguo, ambaye gauni langu lilikuwa "kesho" tangu Pasaka, nilimwita naye. Akalamba, akagusa, akasema, "Mama, imebaki vifungo tu." Kijani! Gauni lilifika jioni hiyo hiyo, na kumbe hata mikono lilikuwa bado halijashonwa asubuhi.

Nilijisikia mtu mkubwa, siwezi kuwaficha. Watu walinisalimia kwa mikono miwili. Wanaume walikuwa wakivuka barabara wasipite mbele ya kibanda.

Kisha akaja Koplo Opio.

Huyu ni mwanajeshi, mtu wa Lira, anayekaa kambini Kasese. Alimpenda Kavira tangu siku aliyokuja kwake kumnunulia mama kitenge akakosea rangi makusudi ili arudi kubadilisha. Mrefu, mpole, buti zinang'aa. Sikuwa na neno naye hata moja, hadi siku Kavira aliponiambia kwamba Opio anangoja kuhamishwa kwenda kaskazini, na anataka wafunge ndoa kanisani kwanza, waondoke wote.

Nilimpongeza, nikamkumbatia. Halafu nikakitazama kile kiti chake. Nilijiona nakula bundu peke yangu hadi uzeeni.

"Lakini mi naogopa," Kavira akasema, akiwawaza wanajeshi wanaoacha wake makwao. "Basoda bote beko na babibi kwabo. Tumuulize ku jiwe, atasema kweli."

Ningeweza kumwambia, "Kavira, jiwe ni mchezo, muulize mwenyewe." Nilimwambia, "Mlete."

Opio alikuja Jumamosi na sare yake. Akaketi, magoti yakagonga meza. Nikafunga dirisha.

"Mimi hapana ogopa jiwe," akasema. Akalamba kidole, akagusa, akalamba tena, akamtazama Kavira. "Mimi sina bibi ingine. Kwetu iko mama yangu tu. Bibi yangu ni huyu hapa."

Jamani, nilijua anasema kweli! Nimekaa na waongo mezani miaka mingi, nawajua kwa jinsi wanavyomeza mate. Huyu hakumeza chochote.

Nikabonyeza zambarau.

Kijani kikajaa kibanda. Kavira akashika rozari yake. Opio alilitazama jiwe, akanitazama mimi, kisha akamgeukia.

"Kavira, wewe unaamini jiwe?"

Kavira akafunika uso kwa kitenge. Alikuwa analia.

"Sawa," akasema Opio. Akavaa kofia yake na kutoka, na sikumsikia hata akiwasha pikipiki, nilivyokuwa na kelele kichwani. Nikamfuta Kavira machozi kwa kitambaa changu mwenyewe, nikimwambia wanaume ndivyo walivyo. Aibu gani hii! Na mchana tulikula pamoja, mimi nikamalizia na chakula cha sahani yake.

Tangu siku hiyo Kavira alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake. Alilamba kidole, akagusa jiwe, akalamba, akasema, "Nimemusahau." Nami nilibonyeza zambarau. Hukumu hiyo angalau ilikuwa ya haki, maana hakuwa amemsahau hata kidogo.

Basi Mungu si Athumani. Akaja dada mmoja wa Kampala kubadilisha pesa, buti zimejaa tope, ameshuka kutoka Ibanda kwenye njia ya mlima. Alikuwa mtaalamu wa miamba. Aliliona jiwe akasahau hata pesa zake.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kilembe," nikasema kwa majivuno.

"Haliwezi kuwa la Kilembe." Akatoa kioo chake cha kukuzia, akalisogeza jichoni. "Hili ni adamaiti. Ni adimu. Linatokea mahali penye mawe ya zinki na aseniki, karibu na uso wa ardhi, ambapo maji na hewa vimeyaozesha mawe hayo miaka na miaka. Kilembe ni shaba na kobalti. Nadhani hili limetoka Namibia."

Hapo nikakumbuka, baba alikuwa na rafiki mchimbaji aliyewahi kufanya kazi Namibia! Dada akaona tochi yangu, akalimulika jiwe kwa ule mwanga wa zambarau bila hata kuniomba. Kijani. Akacheka kwa furaha.

"Unaona? Hili ni safi. Lingekuwa na shaba ndani, mchana lingekuwa kijani zaidi, na kwenye taa hii lingewaka kidogo tu au lisiwake kabisa. Lingekuwa la Kilembe kweli, lingekunyima raha hii."

Mimi nikacheka naye. Akaendelea kueleza kwamba ni laini, kisu kinalikwangua, na nisije nikalisaga wala kulichoma. Ukilichoma linanuka kitunguu saumu, na ule moshi ni sumu.

"Sumu?"

"Aseniki, mama! Ndiyo waliyokuwa wakiulia panya zamani. Kulishika si tatizo, unanawa mikono kwa sabuni. Mradi usilitie mdomoni."

Nilikaa chini. "Na mtu," nikauliza, "tuseme, mfano tu, akilamba kidole, akaligusa, akalamba tena?"

Akanitazama. "Mara moja haitamuua. Lakini mjinga gani atafanya hivyo?"

Bwera nzima, dada yangu. Bwera nzima, na paroko wa jirani aliyekuja kwa siri!

Alipoondoka nilifunga kibanda. Sikuwaza paroko wala fundi wa nguo. Niliwaza Kavira, kila asubuhi, kidole mdomoni, kidole kwenye jiwe, kidole mdomoni. Nilikuwa nimemnyang'anya mume, na sasa nilikuwa namlisha sumu ya panya kwa mkono wangu. Utani wote ukanitoka.

Nikamwita, nikamweleza yote bila kupunguza. Sumu, Namibia, vitufe viwili, Opio. Nikampa tochi mkononi.

Akabonyeza nyeupe. Jiwe manjano. Zambarau. Jiwe kijani. Nyeupe. Zambarau.

"Juu ya nini?" akauliza mwishowe. "Nilikufanyia nini?"

"Niliogopa utaniacha."

Akatikisa kichwa. Kisha akainuka, akafunga dirisha mwenyewe, akaketi upande wangu wa meza, mahali ninapokaa mimi. "Weka mukono ku jiwe."

Nikaweka.

"Sema ile uko nataka kusema."

"Nisamehe, Kavira," nikasema, na machozi yananitiririka. "Ninajuta kwa moyo wangu wote. Ni kweli tupu."

Na ilikuwa kweli! Sijawahi kusema neno la kweli kama lile tangu nizaliwe. Akanitazama machoni, akabonyeza zambarau.

Vidole vyangu vilizungukwa na kijani.

"Muongo," akasema.

"Kavira, ni kweli! Haki ya Mungu ni kweli!"

"Ata yeye alisema kweli," akajibu. Akafungua dirisha na kutoka na tochi yangu.

Alienda hospitali, wakampima wakamwambia yuko salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Kisha akapanda gari la Kasese, akaenda kusimama getini kambini hadi Opio alipotoka. Alichomwambia sikijui. Najua walifunga ndoa, kwa sababu muuza maharage wa hapa Bwera alialikwa. Mimi sikualikwa. Sasa wako Lira. Kibanda cha vitenge kimechukuliwa na kijana anayetengeneza simu, anayekula akiwa amesimama.

Watu niliwatangazia wanawe mikono, nikawaambia jiwe halijui lolote, ni tochi. Mnajua walisemaje? Kwamba nimehongwa na waongo! Fundi wa nguo peke yake ndiye aliyeniamini, na gauni langu jipya limerudi kuwa "kesho". Jiwe nimelifungia kwenye kopo nikaandika SUMU.

Ninyi mnaosoma, kama kuna kitu cha ajabu watu wanakiamini mkononi mwako, wafunulie mapema wakati bado wanaweza kucheka nawe. Na kama unaogopa rafiki yako atakuacha, mwambie, "Rafiki yangu, naogopa." Mimi nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila mchana, na bundu liko moto mezani. Siku nilipomwambia, mkono wangu ulikuwa juu ya jiwe na kidole chake juu ya kitufe.