Flashi Ni Mwiko Nyumbani kwa Bibi Kongmani

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga mabati na sebule ni giza utadhani magharibi. Thongdeng, mpiga picha mwenye umri wa miaka hamsini na sita, anafungua dirisha moja, anazima taa ya umeme, kisha anatundika shuka jeupe ukutani, mkabala na dirisha.

"Taa unazima tena?" anashangaa Somphet, kitindamimba wa nyumba hii, anayeondoka kesho kwenda kutafuta kazi Bangkok. "Dada, unatupiga picha au unatulaza?"

"Taa ile inawafanya mfanane na wagonjwa. Shuka litawarudishia mwanga wa dirisha. Kaa, acha maneno."

Ndugu wamezunguka maua na mishumaa ya baci, ibada ya Kilao ya kumwitia mtu roho zake. Mzee wa dua amekwisha kuziita roho thelathini na mbili za Somphet zirudi mwilini. Sasa Somphet anafungwa nyuzi nyeupe mkononi, zisitoke tena njiani. Mama yake, Bibi Kongmani mwenye miaka themanini na moja, anataka mwanawe aondoke na picha ya siku hii, maana hajui kama wataonana tena. Ila flashi hataki hata kuisikia.

Ana sababu. Somphet alipotimiza mwezi, marehemu baba yake Thongdeng alikuja na kamera ya filamu. Flashi ikawaka, mtoto akapiga yowe, dua ikaanzwa upya, na mpiga picha akaonyeshwa mlango.

"Baba yako alizitawanya roho za mwanangu kama vifaranga," Bibi anamtania Thongdeng. "Ndiyo maana mpaka leo hatulii!"

Thongdeng anacheka.

"Baba jambo lile liliendelea kumuuma," ananiambia pembeni mimi mwandishi. "Flashi aliiweka kabatini, akanifundisha mwanga wa dirisha. Siku za mvua tulikuwa tunampiga picha mama akipepeta mchele. Jamani, siku zile! Natamani zirudi hata kwa saa moja."

Kazi yenyewe humpa kip, fedha ya Laos, laki tatu kwa nyumba, na nyumba zinapungua. Nani asiye na simu?

Bila flashi, kamera inataka karibu sekunde nzima kunasa mwanga, na anayetikisika anatoka ukungu. Thongdeng hamwambii mtu atulie. Anasubiri. Bibi anapomfunga mwanawe uzi, kama ilivyo desturi, walio karibu wanamshika Somphet kiwiko, wa nyuma wanawashika wa mbele mabega, na ukoo mzima, umeshikana, unasikiliza maneno ya mama.

Anabonyeza. Nyuso zote zimetoka safi. Mikono ya Bibi tu ndiyo imetoka ukungu. Siku hizi inatetemeka.

"Mama, samahani, turudie."

"Turudie nini? Ndivyo ilivyo. Akiiona huko Bangkok atajua ni yangu."

Somphet anainamia uzi wake na kufuta macho.

Thongdeng anasema atasafisha nakala mbili: moja ya Somphet, nyingine ataipeleka pagoda, hekaluni yalikohifadhiwa majivu ya baba yake. Bibi anamsikia.

"Lete mkono," anaamuru, na kumfunga uzi taratibu. "Ukifika kwa baba yako, mwambie arudi. Mlango sikuufunga."