Fundi Pini Alivyofumua Uso

Wateja wengi waliamini kwamba fundi wetu ni mtu mkali. Ukiingia dukani ulimkuta amekaa nyuma ya cherehani, pini zimejipanga mdomoni mwake kama ua wa miba, anakutazama tu. Ulieleza shida yako, akaitika kwa kichwa. Alikupima, akachora chaki, akakuonyesha kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani siku ya kuja kuchukua nguo. Uliondoka hujaisikia sauti yake. Ndiyo maana wakamwita Fundi Pini, na wengine, akiwa hayupo, walimwita Nungunungu.

Mimi ni mpiga pasi wake. Meza yangu iko dirishani kwa sababu ya mvuke. Mpiga pasi ni kama kiti cha dukani, watu humzungumzia mbele yake wakasahau kwamba yupo. Hilo halinisumbui, maneno mengi yananichosha. Lakini mtu asiyesema huona. Niliona kwamba mteja akishatoka tu, fundi alizitema pini zote kwenye kopo na kuanza kuimba kwa pua. Akisikia viatu mlangoni, pini zilirudi mdomoni hata kama alikuwa anakata, na kukata hakuhitaji pini. Nilielewa taratibu. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi kwa nini hacheki.

Alizaliwa na taya la chini lililotangulia. Meno ya chini yalipita mbele ya yale ya juu, hayakukutana isipokuwa magego ya nyuma kabisa. Mkate aliukata kwa mkasi mdogo wa nyuzi aliouweka maalumu kwa kazi hiyo, akaumega vipande vidogo na kula ameelekea ukutani. Jioni alishika chini ya sikio, mahali taya linapojifunga, akakaa hivyo mpaka maumivu yapungue. Blauzi zake zote alizishona zenye kola ndefu. Wateja walisema ni mtindo wake.

Alipoamua kwenda hospitali hakumwambia mtu. Tuliona nyaya kwenye meno, tukaambiwa ni za kuyanyoosha kwanza. Alizivaa muda mrefu mpaka tukazizoea kama tulivyozizoea pini. Siku ya kuonana na daktari wa upasuaji, dada yake mkubwa anayeishi naye aliomba ruhusa kazini, kwenye jiko la shule ya bweni, akaja kunichukua na mimi.

"Twende, Bwana Pasi. Hawa madaktari wakiona wanawake peke yao wanaongea haraka haraka. Nataka mwanamume chumbani."

Mwanamume mwenyewe nikakaa karibu na mlango.

Daktari alikuwa mama wa makamo, amevaa raba, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka zamu. Alituonyesha picha ya kichwa cha fundi kwenye kompyuta. Ilikuwa mifupa mitupu, na hata hapo nilimtambua.

"Taya la chini nitalikata nilirudishe nyuma. La juu nalikata nalisogeza mbele. Nayafunga kwa vibamba na skrubu. Hiyo ni ili utafune na maumivu yaishe," alisema. Kisha akaweka vidole viwili kwenye mifupa ya mashavu ya fundi. "Sasa, uso wako ni mpana hapa. Taya likirudi, mifupa hii itaonekana imezidi. Naweza kuipunguza siku hiyohiyo, usingizi huohuo. Au tuiache. Huo si ugonjwa, ni sura tu. Wewe ndiye wa kuamua."

Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Ni kama gauni," alisema. "Ukibana kiuno, mabega yanajitokeza."

"Hasa."

"Hasa nini?" Dada mkubwa aliruka. "Daktari, usimkubalie huyu. Mwisho atakwambia umtie na vifungo."

Fundi hakumgeukia. "Ukikata, unaacha akiba kiasi gani?"

"Akiba ya nini?"

"Ya mshono. Kwamba nikiona imebana sana, unaiachia kidogo."

Daktari hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. "Mfupa hauna akiba, mama. Nikipunguza, nimepunguza. Na ngozi inabaki kipimo kilekile, kwa hiyo nikizidisha, mashavu yatalegea. Nitachukua kidogo tu. Lakini kuna jambo lingine." Akapitisha kalamu kwenye picha. "Hapa inapita neva ya mdomo wa chini na kidevu. Itachoka. Mdomo utakufa ganzi, kwa wengine wiki kadhaa, kwa wengine hata mwaka. Wachache, ganzi haiishi kabisa. Tukiongeza mashavu, na huku juu panaweza kulala. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Pini anashika mdomoni," dada alidakia. "Huo mdomo ndio mkono wake wa tatu, daktari. Ukiulaza, umemkata mkono."

"Basi nendeni mkafikirie vizuri," daktari alisema, akasugua macho.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Dada mkubwa alikuwa amevimba.

"Taya nakubali. Taya ni ugonjwa, nimekuona ukilala na kitambaa cha moto sikioni. Lakini mashavu? Mashavu hayo ni ya mama, we mtoto. Unataka kumfuta mama?"

"Mashavu ni ya mama, taya ni la baba," fundi alisema. "Kila mmoja na lake alipendeza. Kwangu mimi walikosea vipimo."

"Na mdomo ukifa?"

"Sijui."

"Bwana Pasi, mwambie!"

Nikatazama viatu vyangu. "Fundi anaijua nguo yake," nilisema.

"Tazama! Nimetafuta mwanamume, kumbe nimebeba hanga la nguo."

Fundi alicheka mpaka akasahau kuziba mdomo. Halafu akakumbuka.

Hakuamua siku ile. Aliamua dukani, siku nyingi baadaye, akiwa anafumua koti la mteja aliyekonda. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine walimcheka kwayo. Nguo ikija kupunguzwa sehemu moja, hakufumua sehemu moja. Alifumua yote, akaitandaza mezani vipande vipande, akaipima upya tangu begani. Alisema nguo iliyorekebishwa nusu humsaliti mwenyewe akinyanyua mkono. Aliokota nyuzi zilizokatika kwenye magoti yake, akasema bila kuniangalia, "Nitafanya vyote. Sitaki kufumuliwa mara mbili, Bwana Pasi. Nimechoka."

Nilimwona hospitalini siku chache baada ya kukatwa. Kusema kweli sikumwona, niliona uvimbe. Uso ulikuwa mkubwa kama mto, macho yamebaki nyufa, na meno yalifungwa kwa mipira midogo ili taya lisitembee. Alizungumza kwa chaki ya kushonea juu ya kipande cheusi cha bitana. Aliandika KIU. Aliandika JOTO. Dada yake alikuwa amekaa na bakuli la supu iliyosagwa, akimsukumia tone kwa tone kwa bomba la sindano pembeni mwa shavu.

"Nalisha shule nzima kwa mwiko," alinung'unika, "leo namlisha mtu mzima kwa sindano. Meza. Meza, nungunungu wangu."

Fundi aliandika NIMEKUSIKIA.

Kurudi dukani hakukuwa na shangwe. Uvimbe uliondoka polepole, kama kitambaa kilicholowa kinavyokauka mahali pasipo jua. Uso uliobaki ulikuwa wake, lakini umetulia. Meno yalikutana mbele. Mashavu ya mama bado yalikuwepo, yamerudi ndani kidogo tu, na kidevu hakikumtangulia tena mlangoni. Mteja mmoja aliingia, akamtazama, akaniuliza mimi, "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi," fundi alisema.

"Kumbe unaongea!"

Tatizo lilikuwa mdomo. Ulilala wa chini, kidevu nacho kikalala, na upande wa kulia wa juu ukafuatia. Chai ilimtiririka asijue. Uji uliganda kidevuni, naye anajadili na mteja urefu wa sketi. Sikuweza kumwambia mbele za watu, na hata tukiwa peke yetu ilinishinda. Basi siku moja niligonga pasi mara mbili kwenye bati lake, akageuka, nikajigusa kidevu. Akafuta. Tangu hapo ndiyo ikawa lugha yetu. Nikigonga mara mbili, anafuta. Wateja walidhani pasi yangu mbovu.

Alikatazwa kushika kitu mdomoni. Lakini mikono ina akili zake. Mwalimu mmoja alikuja kujaribu sketi, fundi akapiga magoti kupanga pindo, na nilipoinua macho pini zilikuwa zimesharudi mahali pake pa zamani. Alizitumia moja moja. Akasimama, akarudi nyuma kutazama kazi, akaanza kumweleza mwalimu kwamba pindo likae juu kidogo ya kifundo. Pini moja ilikuwa bado ipo. Haikushikwa na mdomo, ilikuwa imechoma mdomo wa chini na kusimama pale, na kila aliposema neno ilitikisika. Tone la damu lilikuwa linashuka.

Mwalimu aliganda. Mimi nikafanya nilichozoea. Niligonga pasi mara mbili.

Fundi akafuta kidevu kwa kiganja, kwa nguvu, kama kawaida, na pini ikazama.

Hakushtuka, na hilo ndilo lililotutisha. Alitazama kiganja chenye damu, akatazama sketi ya watu isije ikawa imechafuka, kisha ndipo akaenda kwenye kioo. Akaichomoa mwenyewe. Ilikuwa kama anachomoa pini kwenye kitambaa.

Mwalimu alipoondoka, fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Sikusikia chochote," alisema. "Hata kidogo. Ingeweza kwenda kooni."

Nikazima pasi.

"Labda ningefumua taya tu. Labda ningeacha mashavu, huku juu pangebaki pazima, ningeshikia pini juu." Alijaribu kuuma mdomo kwa meno yake mapya yanayokutana. "Nilitaka nisijifiche, Bwana Pasi. Sasa sura ninayo, na pini siwezi kushika. Fundi gani asiyeshika pini?"

Jibu lilikuwa la dada yake au la daktari. Daktari alipopigiwa simu alisema angojee tu, neva hutembea kwa mwendo wake. Mimi nilichukua koti kuukuu kwenye kapu la viraka, nikatoa sponji ya bega, nikaishonea utepe. Mshono wangu ni wa aibu, mpiga pasi hashoni. Nikamfungia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na kuchomeka pini juu yake.

Aliukagua mshono. "Umeshona kama unafunga gunia," alisema.

Lakini hakuivua.

Miezi ikapita hivyo. Kazi ilienda polepole, maana kila pini ilibidi atazame anapoitoa, wakati zamani mdomo ulimpa bila kuangalia. Baadhi ya wateja walikwenda kwa mafundi wengine. Waliobaki walianza kupiga soga, kwa sababu sasa fundi alikuwa na mdomo mtupu na ilibidi awajibu. Jioni alikuwa hoi. Alisema kushona hakumchoshi, kuongea ndiko kunamchosha. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Dada yake alimletea mkate mzima ambao haukukatwa, akakaa mbele yake na kumwambia auume. Aliuma. Meno yalipita kwenye mkate hadi upande wa pili, yakauma na mdomo wenyewe, damu ikatoka. Dada akalia, sijui ni kwa mkate au kwa damu. Fundi aliendelea kutafuna.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kawaida. Tulikuwa na rundo la sare za shule, joto limejaa, sote tumechoka hata salamu tulipeana kwa nyusi. Fundi alinywa chai huku anageuza kola. Tone likabaki chini ya mdomo wake, upande wa kushoto, likaanza safari ya kidevu. Nikainua pasi.

Mkono wake ukawahi. Alifuta kwa nyuma ya kiganja, akaendelea na kola. Halafu cherehani ikasimama.

"Umegonga?" aliuliza.

Pasi ilikuwa bado hewani. "Sijagonga."

"Hukugonga?"

"Sijagonga, fundi."

Aliiweka kola chini. Alikata kipande cha uzi, akakipitisha polepole mdomoni, kutoka kona ya kulia. "Hapa hamna kitu," alisema. "Hapa hamna. Hapa... hamna." Alipofika kushoto uzi ukasimama. Akarudia hapohapo, tena na tena, kwa ncha ya uzi, macho amefumba, na mashavu ya mama yake yakapanda kidogo.

"Panawasha," alisema.

Nikaishusha pasi, maana ilikuwa nzito. Yeye alivuta sare iliyofuata kwenye rundo, akatoa pini kwenye ile sponji ya mkononi, akaitazama, akaichoma kwenye pindo.