Risasi za Babu Zinauzwa Ngapi?

Tulipokuwa tukipaka rangi nyumba ya marehemu babu kule Pap Onditi, baba mdogo alitoa mkebe wa biskuti darini. Ndani mlikuwa na risasi kumi na moja za bunduki ya zamani. Babu alipigania Mwingereza ujanani, akarudi na kikohozi, na kumbe na hizi pia.

"Hii ni mali," baba mdogo akatangaza. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wazungu hununua risasi kuukuu kwa pesa nzuri. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshachimba bwawa la samaki, kichwani mwake.

Mimi hufundisha historia Kisumu, kwa hiyo nikafanywa mtaalamu. Nilitema mate kwenye kitako cha risasi moja, nikasugua kutu kwa kidole gumba, nikaona alama ya saba ya Kirumi. "Ni za mwaka wa saba wa karne iliyopita," nikasema kwa sauti ya darasani. Baba mdogo akapanua bwawa.

Shangazi, ambaye hajawahi kuniamini, alimpigia simu mwanajeshi mstaafu anayelima mpunga Ahero. Alifika na gambuti zenye tope, akasimama hatua tatu kutoka kwenye mkebe.

"Mwalimu, umeisugua?"

"Kidogo tu."

"Na kidole bado unacho?"

Akatueleza kwamba ile saba si mwaka, ni aina ya risasi, na kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni. Wanaokusanya hutaka zilizo adimu, safi, zikiwa na boksi lake. Hizi zimeoza, na baruti bado imo.

"Sasa bei yake, Afande?" baba mdogo akauliza.

"Bila leseni? Jela. Miaka mingapi, hakimu atakwambia."

Baba mdogo, mrithi pekee tangu asubuhi, akakumbuka ghafla kwamba nyumba ni ya nyanya.

Tulimwita chifu, naye akaita polisi. Walizibeba kwenye ndoo ya mchanga, polepole, kwa heshima ambayo babu hakuipata serikalini hata siku moja.

Walipoondoka nilimuuliza nyanya kama alijua zilikuwa darini.

"Nilijua. Alisema ni za mwanamume yeyote atakayekuja kunitaka yeye akishakufa."

"Na alikuja mtu?"

"Wawili," akasema, akaingia jikoni.