Kilalio cha Mama

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani nilipofundishwa kwamba kilalio hakimiminwi na mnywaji. Nyumbani kwetu Kasingirima, pale Ujiji, siku ilifungwa kwa kikombe cha mchaichai, chenye sukari duka la ushirika likiwa nayo, na bila sukari lisipokuwa nayo, yaani mara nyingi. Kila mtu alikiita kwa jina lake. Mama, aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ndiye aliyesema kilalio. Bibi, mama yake baba, Muha wa Kidahwe, alikiita kituliza roho. Baba alisema chai ya mwisho, akaishia hapo. Jirani yetu alikiita kufuli, maana ukishakunywa huruhusiwi kula tena wala kugombana. Ndiyo maana mtaani kwetu kumpa mtu kilalio kukawa pia kumaliza naye ugomvi, hata kama ni asubuhi.

Sharti lilikuwa la Bibi: lazima kitoke mkononi mwa mwingine. Anayelala koo kavu, alisema, roho yake hutoka usiku ikashuka ziwani kutafuta maji, na roho iliyozaliwa ng'ambo ikifika majini hukumbuka kwao. Akisema hivyo alikuwa akimtazama mama. Mama alitumiminia sisi sote, kisha Bibi alimmiminia mama. Sikumbuki wakati mwingine wowote wa siku ambapo mama alikaa chini akaletewa kitu.

Kisha watu wa upande wa Kidahwe wakaamriwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa. Bibi alikuwa na shamba lake huko, ikabidi aende akajenge asije akakosa kiwanja. Asubuhi ya kuondoka, mzigo uko tayari kichwani, akamgeukia baba.

"Mkeo nani atammiminia?"

"Mama, huu ni wakati wa kazi, si wa mizimu."

"Yewe! Nani kasema mizimu? Mimi nimesema kikombe."

Baba alicheka. Alikuwa mpakia mizigo bandarini, na jioni alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, basi baada ya chakula ukumbi wetu ulijaa watu wenye mashauri ya mipaka, ya ndoa, ya zamu za shamba la pamoja. Mama alishinda kutwa akikamua mawese, akarudi akapika, akawamiminia wageni, akamimina yetu watoto, akamimina ya baba. Birika likiisha alilifunika kifudifudi, akaenda kulala. Mimi niliona. Lakini nilikuwa mtoto, nilidhani watu wazima hawaoni kiu. Ukweli ni kwamba kila mtu mle ndani aliona, na kila mtu alikuwa amechoka, na uchovu una tabia ya kumfanya mtu atazame kikombe chake tu.

Asubuhi moja tuliamka moto haujawashwa. Jirani alisema amemwona mama akishuka ziwani na kitenge chake kimefungwa mzigo. Nikaanza kulia kwamba roho ya mama imeenda na haitarudi, kama Bibi alivyosema. Nilitegemea baba anikaripie kwa mambo ya kishirikina. Hakunikaripia. Alinishika mkono, tukashuka mbio.

Tulimkuta amekaa juu ya gunia, karibu na boti inayopakia kwenda ng'ambo. Alitutazama bila kushtuka.

"Mama Zaina, turudi nyumbani," baba alisema.

"Baba Zaina, nimechoka mingi." Mama hakuwahi kuacha Kiswahili cha kwao. "Si ya kazi. Kazi naijua. Nimechoka kuwa mkono tu."

Baba yangu, ambaye mkutanoni hakukatizwa, aliuachia mkono wangu. Akageuka, akaenda. Nikajua amemwacha. Kumbe alikuwa amemfuata mwanamke aliyewauzia wapakiaji uji. Akarudi ameshika kikombe kwa mikono miwili, uji wa moto ukimmwagikia vidole, akachutama mbele ya mama, wapakiaji wenzake wakimwangalia.

"Pokea."

Mama hakupokea. "Hiki cha kulalia ama cha kuniaga?"

"Cha kulalia."

"Jua limetoka."

"Najua," baba alisema. "Nimechelewa."

Mwenye boti aliita abiria. Mama alikipokea kikombe, akakishika mpaka mvuke ukaisha. Kisha akanywa, chote, polepole. Boti iliondoka bila yeye.

Tangu siku hiyo baba alimmiminia mama kila jioni, mbele ya wageni, na waliomcheka walimcheka hadi wakachoka. Bibi alipokuja kututembelea akasimuliwa, alisema tu, "Nilisema." Watu huniuliza kama naamini roho hushuka ziwani. Sijui habari za roho. Najua kwamba mama alikuwa amekwisha kupatana na mwenye boti, na kwamba Bibi, ambaye hakusoma hata siku moja, alikuwa amemwona mkwewe akikauka huku sisi tukiona birika tu.

Sasa mama yuko kwangu Katubuka, hainuki sana kitandani. Ninatoka kazini, ninapika, ninawahudumia wanangu, kisha ninampelekea kikombe chake. Juzi nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikimngoja amalize, macho yakijifumba yenyewe.

"Na wewe, Zaina, nani amekumiminia?"

"Nitakunywa baadaye, mama."

"Leta birika."

Nilibishana naye kidogo, nikaleta. Mikono yake inatetemeka siku hizi, nusu ilimwagikia sahani na shuka. Nilitaka kumsaidia, akanitazama, nikaiacha mikono yangu mapajani. Alinipa kikombe kisichojaa. Nilikinywa nikilia, mama akanishikia sahani.