Kibuyu Kisichoonjwa

Eustakia wa kijiji cha Keza alikuwa mwepesi wa jembe, mwepesi wa kucheka, na mwepesi mno wa kumalizia mambo ambayo hajayaona mwisho wake. Ungemwachia kijiti asubuhi, jioni ungemkuta amekwisha jenga nyumba, ameiezeka, na ndani amemweka adui. Dada yake asipopiga simu, Eustakia alimlilia kama amekufa. Jirani akipita na pikipiki bila salamu, alijiuliza amemkosea nini, akajijibu mwenyewe, na jibu halikuwa jema hata siku moja.

Mumewe alipokuwa hai alimtania. "Mama Derick, leo umemzika nani?" Naye angecheka, na nyumba ile ya kichwani ikabomoka. Mume alipofariki hakubaki wa kuzibomoa. Zikasimama, moja baada ya nyingine. Tumbo likaanza kumwaka, usingizi ukamhama. Zahanati walimpima damu na mkojo, hawakuona ugonjwa. Muuguzi akamtazama, akamuuliza kwa upole, "Mama, una mawazo?" Eustakia akakana. Mawazo ni ya watu wenye shida kubwa, alijiambia. Yeye anaona tu yaliyopo.

Kisha Derick, mwanawe, akamchumbia Diane, binti wa mama mmoja wa ng'ambo ya bonde, Mukeshimana. Wazazi wa Mukeshimana walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa bado mgongoni.

Siku ya kujitambulisha watu walijaa uani. Huku, mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji kabla hajavuta mrija yeye kwanza. Ni namna ya kusema bila kusema: humu hamna baya, kunywa kwa amani. Mukeshimana akatoka jikoni na kibuyu cha pombe ya ndizi, akapiga goti, akampa Eustakia. Hakuonja. Hakutabasamu. Hakutamka neno. Wengine walikuwa wakiimba, hawakuona. Eustakia aliona. Akakipokea, akakiweka miguuni pake, na hakukigusa mpaka wakaaga.

Nyumba aliyoijenga safari hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Wamenidharau, alisema moyoni. Wananitakia kifo. Mwanangu watamla. Aliirudia usiku, aliirudia akiteka maji, mpaka siku moja akamwita mshenga, mzee Idefonsi, amkute kwenye shamba la maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaniita kwenye matope? Chai imekwisha nyumbani?"

"Nenda kawaambie hapana. Ndoa haipo."

Idefonsi akaegemea fimbo yake. "Derick anajua?"

"Atajua."

"Haya. Na niwaambie kwa nini? Mimi ni mshenga, siyo bubu."

"Waambie..." Eustakia akatua jembe. "Waambie mama yake alitaka kuniua."

Maneno yalitoka, yakasimama juu ya matuta mbele ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza Eustakia akayasikia kama ambavyo mwingine angeyasikia. Kichwani yalikuwa na uzito wa jiwe. Hewani yalikuwa mepesi kama pumba. Akajaribu tena.

"Hapana. Waambie alinidharau." Alimdharau kwa neno gani? Hakukuwa na neno. "Waambie... hakuonja."

"Basi?"

"Basi." Akainama akang'oa gugu ambalo halikuwa na haraka ya kung'olewa. Niliona mkono, alijiambia polepole. Niliona kibuyu. Uso niliuona, haukucheka. Sumu sikuiona. Dharau sikuisikia. Hayo mengine nimeyatia mimi. "Mzee, usiende. Nakwenda mwenyewe."

"Wewe? Mama wa bwana harusi akagonge mlango wa wakwe, mshenga akiwa hai? Watu watasema!"

"Waseme. Mimi nimesema ya kutosha humu kichwani."

"Na mimi nifanye nini?"

"Palilia."

Akashuka bondeni, na moyo wake ukashuka naye ukipiga kelele njia nzima: watakufukuza, watakucheka, rudi. Akavuka daraja la magogo. Hakuujibu moyo. Alitembea nao tu, kama mtu anavyotembea na mtoto anayelia.

Mukeshimana alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko. Alipomwona, uso ukakakamaa. "Umekuja kuvunja," alisema.

"Nimekuja kuuliza. Mama Diane, kwa nini hukuonja?"

Kisu kikatulia. Mukeshimana akavuta shavu lake kwa kidole na kufumbua mdomo wazi. Nyuma kabisa, palipokuwa na gego, palikuwa na shimo jekundu.

"Walining'oa jino asubuhi ya siku ile ile," alisema. "Nilikuwa navuja damu. Ningetia mrija kinywani, halafu nikupe wewe, mkwe wangu? Na kusema mbele ya wageni niliona aibu. Nikasema utaelewa." Sauti ikashuka. "Halafu ukakiacha kibuyu kimejaa. Nikajua tu. Wenyeji hawataki mtoto wa wakimbizi. Tangu siku ile tumbo linaniwaka, sili."

"Na wewe tumbo?" aliuliza Eustakia. "Hata langu linawaka."

"Na mimi tumbo!"

Eustakia akaanza kucheka, machozi yakamtoka katikati ya kicheko, na Mukeshimana akacheka ameshika shavu, akilalamika kwamba kucheka kunamuuma. Diane alipochungulia mlangoni akidhani kuna msiba, alikuta akina mama wawili wanamenya ndizi kutoka beseni moja.

Ndoa ilifungwa. Lakini wanaomsifu Eustakia hawamsifu kwa sababu ya harusi. Wanamsifu kwa kuwa moyo wake haukunyamaza, na hata hivyo aliacha kuuamini kila unapofungua mdomo. Aliongea nao kama mtu anavyoongea na jirani mwenye maneno mengi: nimekusikia, ngoja kwanza nikaulize. Na kuuliza hakukuwa rahisi.

Diane alikuwa hajamaliza mwezi pale nyumbani alipoanza kuwa kimya wakati wa kula. Moyo ukamwambia Eustakia: anajuta, atarudi kwao, Derick ataachwa. Eustakia akaweka chini sahani yake.

"Mwanangu, naona huli. Kuna nini?"

Diane akatazama chini. "Mama, usinikasirikie."

"Sikasiriki. Sema."

"Chumvi, mama. Hapa mnatia chumvi nyingi sana."